Waliotweka Tanga: Tarikhi ya Jumba la Opera la Sydney

Katika bandari ya Sydney, nchini Australia, pana rasi ndogo iingiayo majini mithili ya ulimi, na juu ya rasi hiyo limesimama jumba ambalo mtu wa pwani alitazamapo, ijapokuwa ni katika picha tu, hawezi kujizuia kuyakumbuka majahazi. Kwani paa lake halifanani na paa la makuti, wala la mabati, wala kuba la msikiti, bali ni matanga meupe yaliyotuna upepo, moja nyuma ya jingine, kana kwamba msafara wa vyombo umetia nanga na manahodha hawajaamuru foromali zishushwe. Jumba hilo, ambalo huitwa Jumba la Opera ingawa opera, yaani ule mchezo ambao maneno yake huimbwa tangu mwanzo hata mwisho, ni moja tu katika shughuli zake nyingi, lilifunguliwa rasmi tarehe 20 Oktoba 1973, na sasa limekwisha kuvuka nusu karne ya utumishi. Fahari yake yajulikana ulimwenguni na haihitaji shahidi. Ninalotaka kulisimulia ni habari ya watu watatu, mmoja aliyelitamani, mmoja aliyeliombea fedha na ridhaa ya watu, na mmoja aliyelichora, ambao katika hao hakupatikana hata mmoja wa kuketi ukumbini siku ya karamu.

Yafaa kwanza kuitaja ardhi yenyewe. Wenyeji wake wa asili, watu wa Gadigal, waliiita rasi hiyo Tubowgule, na kwa vizazi visivyo na idadi walikula hapo chaza na kome, wakaacha marundo ya makombe kandokando ya maji. Waingereza walipofika mwaka 1788 na kuanza kujenga nyumba, hawakuwa na chokaa, basi wakayazoa makombe yale na kuyachoma, kama sisi tulivyozoea kuyachoma matumbawe juu ya magogo katika tanuu zetu za pwani. Na kwa hiyo mabaki ya chakula cha wenyeji yakawa ndiyo saruji ya kuta za wageni. Mwaka 1790 Gavana Arthur Phillip alimjengea kibanda hapo mtu wa kabila la Wangal aitwaye Bennelong, aliyekuwa mkalimani kati ya kaumu hizi mbili, na jina lake ndilo rasi inaloitwa hata leo. Baadaye ikajengwa ngome, ngome ikabomolewa, na mahali pake ikasimamishwa karakana ya tramu yenye minara ya bandia. Hivyo mahali pazuri kuliko pote katika mji palikuwa ni pa kulaza magari usiku.

Mtu wa kwanza kuona kwamba hilo ni jambo la kusikitisha alikuwa Eugene Goossens, Mwingereza aliyefika Sydney mwaka 1947 kuiongoza okestra ya mji na chuo cha muziki cha jimbo. Okestra yake ilikuwa ikipiga katika ukumbi wa baraza la mji, ambao ulijengwa kwa ajili ya mikutano na dhifa, na wasikilizaji walikuwa wengi kuliko viti. Goossens hakunyamaza. Kila alipopata sikio la kumsikiliza, la mwandishi wa gazeti au la waziri, alirudia neno lake lile lile, kwamba mji wenye watu wengi kiasi hicho ni aibu kukosa nyumba ya muziki na tamthilia, na kwamba mahali pa nyumba hiyo ni pale penye karakana ya tramu. Miaka saba alihubiri hivyo. Jambo lilipoanza kukubaliwa, yeye mwenyewe alipatwa na msukosuko wa mambo ya faragha uliomvunjia heshima, akaiacha Australia mwezi Mei 1956 asirudi tena, na mwaka 1962 akafariki dunia, wakati ambapo jumba alilolilia lilikuwa bado ni jukwaa tupu la zege.

Wa pili alikuwa Joseph Cahill, Waziri Mkuu wa jimbo la New South Wales tangu mwaka 1952. Mtu huyu hakuwa msomi wa muziki. Alikuwa fundi wa karakana za reli za Eveleigh, aliyefukuzwa kazi kwa kushiriki katika mgomo mkuu wa mwaka 1917, na chama chake kilikuwa chama cha wafanyakazi. Ndiyo sababu wengi walishangaa kumwona yeye, katika watu wote, akiibeba hoja ya opera. Mwezi Novemba 1954 aliitisha mkutano wa watu mashuhuri wa mji, akawaeleza azma yake, na tangu siku hiyo hakulegea. Wanachama wenziwe walimkabili kwa swali ambalo kila serikali hulikabili na ambalo si la kudharauliwa hata kidogo: kwa nini fedha ziende katika nyumba ya nyimbo na hali watu wanahitaji makao, shule na hospitali? Jibu la Cahill lilikuwa kwamba familia ya mfanyakazi ina haki ya kusikia muziki bora kama familia ya tajiri, na kwamba jumba hilo halitakuwa la tabaka moja. Nakiri kwamba jibu hilo lanipendeza kuliko hotuba nyingi nilizosoma juu ya sanaa, kwa kuwa lilitoka kinywani mwa mtu aliyejua kwa mikono yake thamani ya mshahara.

Ili ahadi hiyo isimame, ilibidi fedha zisitoke katika hazina inayolisha shule na hospitali. Mwaka 1957 uchangaji ukafunguliwa katika ukumbi wa baraza la mji, watu wakatoa kwa ukarimu, lakini ilionekana upesi kwamba hisani peke yake haitafikisha chombo bandarini. Hapo Cahill akaleta shauri la bahati nasibu maalumu, na sheria yake ikapitishwa mwaka huo huo. Wako waliochukia, hasa watu wa makanisa, kwamba nyumba ya sanaa ijengwe kwa kamari, na mwandishi huyu hawezi kusema kuwa chukizo lao halikuwa na msingi. Hata hivyo, hivyo ndivyo ilivyokuwa: makarani, wapishi, mahamali wa bandarini na akina mama wa nyumbani walinunua tikiti wakitaraji utajiri, na wengi wao hawakupata utajiri, ila walipata jumba. Karibu gharama yote ililipwa kwa njia hiyo, na kufikia mwaka 1975 deni lilikuwa limekwisha. Hakuna tangazo ambalo lingeweza kuifanya kazi iliyofanywa na tikiti zile, kwani mtu aliyetoa fedha yake, hata kama aliitoa kwa tamaa, hupita kando ya jengo akiliita letu.

Mashindano ya usanifu yalitangazwa mwaka 1955, yakakaribisha wasanifu wa dunia nzima. Masharti yalitaka kumbi mbili, kubwa ya watu 3,000 hadi 3,500 na ndogo ya watu 1,200, na tuzo ya kwanza ilikuwa paundi 5,000. Zikafika kazi 233. Waamuzi walikuwa wanne, na mashuhuri kati yao alikuwa Eero Saarinen, msanifu wa Marekani mwenye asili ya Ufini. Iko hekaya isemayo kwamba Saarinen alichelewa kufika, akalipekua rundo la michoro iliyokwisha kukataliwa, akaitoa humo ile iliyoshinda. Ni hekaya tamu, na kwa sababu ya utamu wake imerudiwa mara nyingi kuliko inavyostahili ushahidi wake. Lililo hakika ni kwamba Saarinen aliitetea michoro hiyo kwa nguvu, na kwamba waamuzi waliandika waziwazi kuwa ilikuwa sahili mno, karibu sawa na kielelezo cha wazo tu. Tarehe 29 Januari 1957 Cahill akasimama kumtangaza mshindi, na jina alilolisoma halikuwa likijulikana kwa mtu yeyote katika Sydney.

Jørn Utzon wa Denmark alikuwa na umri wa miaka 38. Baba yake alikuwa msanifu wa vyombo vya bahari katika mji wa Aalborg, na kijana alikulia katika harufu ya mbao na lami, akiona jinsi mbao iliyonyooka inavyopindwa hata ikafuata umbo la maji. Sydney hakuwahi kuiona. Alizichukua ramani za mabaharia za bandari ile, akazisoma vimo na vina vyake kama nahodha anayejiandaa kwa safari, akatambua jambo ambalo washindani wengi hawakulizingatia: kwamba jengo lililo juu ya rasi huonekana kutoka pande zote, na kutoka juu pia, kwa kuwa pembeni yake lipo daraja kubwa la chuma, kwa hiyo paa lake ni uso wake. Basi akachora jukwaa pana kama kilima kilichokatwa, lenye ngazi za kupandwa na umati, na juu ya jukwaa akaweka matanga.

Hapa ndipo kosa lilipoingia. Cahill alikuwa mtu mwenye umri na afya iliyochoka, uchaguzi ulikuwa karibu, na alihofu kwamba serikali nyingine ikishika madaraka itaitia michoro kabatini. Akaamuru kazi ianze. Tarehe 2 Machi 1959 jiwe likawekwa, na hali hakuna mtu duniani, akiwamo msanifu mwenyewe, aliyejua kwa hesabu jinsi paa lile litakavyosimama. Makadirio yaliyokuwa yakitajwa hadharani yalikuwa paundi milioni 3.5, na ufunguzi ulitarajiwa Januari 1963. Kwa haraka ile nguzo zilijengwa kabla uzito wa paa haujajulikana, na baadaye zilipoonekana ni dhaifu ikabidi zivunjwe kwa baruti na kujengwa upya. Lakini Cahill alifariki mwezi Oktoba wa mwaka ule ule wa 1959, miezi michache tu baada ya kuweka jiwe, na husimuliwa kwamba akiwa kitandani alimsihi waziri wake asiliache jumba lishindwe. Mimi naona kwamba haraka yake ndiyo iliyolitia jumba katika taabu zake nyingi, na kwamba pasipo haraka hiyo jumba lisingekuwapo kabisa. Na hukumu hizi mbili nimezipima mara kadhaa bila ya moja kuishinda nyingine.

Kabla hakujawa na paa wala ukuta, jumba lilikwisha kupata mwimbaji wake wa kwanza. Mwezi Novemba 1960 Paul Robeson, Mmarekani mweusi ambaye baba yake alizaliwa mtumwa na kutoroka utumwani, na ambaye katika miaka ya 1930 huko London alijifunza Kiswahili miongoni mwa lugha za Kiafrika, alifika katika uwanja wa ujenzi wakati wa mapumziko ya mchana. Hapakuwa na jukwaa ila vumbi, wala viti ila majukwaa ya mafundi. Wajenzi wakapanda juu ya vyuma wakiwa na mikate mikononi, naye akawaimbia kwa ile sauti yake nzito, amesimama katikati ya zege na mashine. Ikiwa Cahill aliahidi kwamba jumba litakuwa la mfanyakazi, basi ahadi hiyo ilitimizwa siku hiyo kwa ukamilifu ambao labda haukupatikana tena baadaye.

Taabu ya paa ilidumu miaka minne. Mhandisi Ove Arup na wenziwe, mjini London, walijaribu umbo hili na lile, wakaziacha hesabu moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila tanga lilikuwa na mpindo wake pekee, na kila mpindo ungedai kalibu yake ya mbao, itumike mara moja na kutupwa. Mwaka 1961 ufumbuzi ukapatikana, na usahili wake ni wa kustaajabisha. Chukua chungwa, ulikate vipande vya ukubwa mbalimbali: vipande vitatofautiana kwa urefu na upana, lakini mpindo wa ganda lake utakuwa ni mmoja. Utzon aliyakata matanga yote katika tufe moja lenye nusu-kipenyo cha mita 75 hivi, na kwa kuwa mpindo sasa ulikuwa mmoja, kalibu chache ziliweza kumwaga mbavu zote, zikitumiwa tena na tena. Mbavu hizo, ambazo fundi wa majahazi wa Lamu angeziita mataruma, zilimwagwa chini kwa vipande 2,194, zikapandishwa na winchi kubwa, zikagandishwa kwa gundi na kukazwa kwa kamba za chuma zilizopita ndani yake. Tanga lililo refu kuliko yote lafika mita 67 juu ya bahari.

Juu ya mbavu vikaja vigae, na hapa naomba msomaji asogee karibu. Kwa mbali paa huonekana jeupe, lakini halina weupe wa aina moja. Viko vigae ving'aavyo kwa kioo kilichomwagwa juu ya udongo wenye chembechembe za mawe, hata mkono upitapo huhisi ulaini na macho huona ukwaruzo. Na viko vingine vya rangi ya maziwa yaliyoanza kugandana, visivyong'aa, ambavyo huzunguka kingo na kuchora mistari ya mishono, kama mishono ya tanga la kitambaa. Kila kimoja ni mraba wa sentimita 12. Kiwanda cha Höganäs nchini Sweden kilitumia muda wa miaka mitatu kuvitafutia udongo na moto wake, kwa kuwa Utzon alitaka kitu kipokeacho jua bila ya kulirudisha kwa ukali machoni pa watu. Mafundi walivipanga ndani ya kalibu, nyuso zikitazama chini, wakamwaga zege migongoni mwake, kisha wakaviinua vikiwa vibao vizima na kuvifunga juu ya mbavu. Jumla ya vigae ni 1,056,006. Jua likitua huwa vya rangi ya samaki aina ya changu, na mwezi ukiwaka huwa vya rangi ya fedha.

Mwezi Mei 1965 serikali ikabadilika, kama Cahill alivyohofu. Waziri mpya wa ujenzi, Davis Hughes, alikuwa amepata kura kwa kulaumu gharama na ucheleweshaji, na alipoingia ofisini aliishika mikononi mwake hati ya malipo. Utzon alitaka vielelezo vya mbao vya kumbi za ndani vijengwe kwanza, vipimwe, ndipo kazi iendelee. Waziri alitaka michoro kamili kabla ya kulipa. Kila mmoja alikuwa na hoja. Lakini anayeshika mfuko na anayeshika kalamu hawana nguvu sawa, na tarehe 28 Februari 1966 Utzon, ambaye malipo yake yalikuwa yamezuiwa, aliandika barua ya kujiuzulu. Siku chache baadaye watu wapatao 1,000, wakiongozwa na msanifu Harry Seidler, waliandamana mpaka bungeni kudai arudishwe. Hawakusikilizwa. Mwezi Aprili aliondoka na mkewe na watoto wake, wala hakuja tena Australia maisha yake yote.

Kazi wakapewa wasanifu wa nchi yenyewe, na mkubwa wa usanifu kati yao alikuwa Peter Hall, kijana wa miaka thelathini na kidogo, ambaye wenziwe wengi walimwona msaliti kwa kuipokea. Mimi sioni kwamba alistahili hivyo. Alikuta matanga yamekaribia kusimama bila ya kitu chini yake, na masharti yaliyopingana: ukumbi mkubwa utumike kwa opera na kwa okestra pia, na hali chumba kinachofaa sauti ya mwimbaji hakifai mvumo wa okestra nzima. Ikakatwa shauri kwamba ukumbi mkubwa uwe wa okestra peke yake, na mashine za jukwaa zilizokwisha kutiwa humo zikang'olewa. Opera ikahamishiwa ukumbi mdogo, wenye viti 1,507 na shimo la wapiga ala lililobanana. Hivyo jumba liitwalo la Opera liliinyima opera chumba chake kikubwa, na waimbaji wameihisi hasara hiyo tangu siku ya kwanza.

Ufunguzi ulifanyika kwa taadhima kubwa. Opera ya kwanza, ya Prokofiev iliyotungwa juu ya riwaya ya Tolstoy ya vita na amani, ilichezwa tarehe 28 Septemba 1973, na siku iliyofuata Charles Mackerras akaongoza tamasha la kwanza katika ukumbi mkubwa, mwimbaji akiwa Birgit Nilsson. Tarehe 20 Oktoba Malkia Elizabeth II akalifungua jumba mbele ya umati na bandari iliyojaa mashua, na juu ya kilele cha tanga, mahali pa kutisha, akasimama mwigizaji wa kizazi cha wenyeji, Ben Blakeney, akasema kwa nafsi ya Bennelong. Gharama ilikuwa dola milioni 102, ambapo makadirio ya awali yalikuwa sawa na dola milioni 7. Goossens alikuwa kaburini, Cahill alikuwa kaburini, na Utzon alikuwa ghaibu.

Tangu hapo ngazi zile pana zimepandwa na watu wa kila namna. Mwezi Oktoba 1990 Nelson Mandela, ambaye mwaka ule ule alitoka kifungoni, alisimama juu yake kuwashukuru maelfu kwa maelfu ya watu waliokuwa wameipinga dhuluma ya nchi yake. Na mwaka 1999, baada ya miaka 33 ya ukimya, wakuu wa jumba walimwomba Utzon arudi kuwa mshauri. Naye akakubali pasipo kinyongo, akaandika kanuni za kulitunza jengo, na mwanawe Jan akawa miguu na macho yake huko Sydney. Mwaka 2004 kikafunguliwa chumba kimoja alichokisanifu yeye mwenyewe, chenye zulia la ukutani alilolibuni, na kikapewa jina lake. Mwaka 2007 UNESCO ikaliandika jumba katika urithi wa dunia, mwenye kulichora akiwa bado hai. Alifariki tarehe 29 Novemba 2008, akiwa na umri wa miaka 90. Nao ukumbi mkubwa, ambao kwa miongo mingi wapiga ala waliulalamikia kwamba hawasikiani, ulifungwa kwa zaidi ya miaka miwili ukatengenezwa, ukafunguliwa tena Julai 2022 ukiwa na sauti ambayo Goossens angeitambua kuwa ndiyo aliyoitaka.

Msomaji ajaaliwaye kufika Sydney asitosheke na kulipiga picha jumba kutoka upande wa pili wa maji. Na apande ngazi mpaka pale ambapo tanga huteremka karibu na kimo cha mtu, aweke kiganja chake juu ya kigae, na awakumbuke kwa majina: Goossens, Cahill, Utzon.